Parameta, agumenti na vigeu vya ndani: thamani inaingiaje kwenye funksheni, inakaa wapi, inatokaje

Simu inaandika 19:00, na mtu wa mtaa wa Langoni ukimuuliza saa atakwambia saa moja ya usiku. Kuigeuza saa ya simu iwe saa yetu ni hesabu ndogo: unatoa sita, na ukifika mwisho wa kumi na mbili unaanza upya. Kila anayejifunza programu hapa Lamu anaifanya hesabu hiyo kichwani bila kufikiri, ndiyo maana naipenda kwa kufundishia. Hesabu ikishakuwa nyepesi, akili yote inabaki kwa jambo lenyewe, na jambo lenyewe ni hili: thamani inapoingia kwenye funksheni (kipande cha programu chenye jina, kinachofanya kazi yake kikiitwa) inapewa jina gani, inakaa wapi, na inatokaje.

Mifano yote ni ya Python 3. Itakubali kwenye programu ya kuandikia Python kama Thonny ukiwa na kompyuta, au Pydroid 3 ukiwa na simu ya Android.

```
def saa_ya_kiswahili(saa):
    s = (saa - 6) % 12
    if s == 0:
        s = 12
    return s
```

Ukiiendesha faili yenye mistari hii mitano tu, skrini itabaki tupu. Hujakosea. Python imesoma maelezo ya funksheni, imeyahifadhi chini ya jina lake, imepita. Hakuna hesabu iliyofanyika na hakuna `saa` yoyote iliyokwisha kuwepo. Hilo jina lililo kwenye mabano ya `def` ndilo parameta: ni nafasi iliyotengewa thamani ambayo bado haijaja.

Sasa tuiite. Ndege imetua Manda saa 13:00.

```
ndege = 13
print(saa_ya_kiswahili(ndege))
```

Soma polepole yanayotokea hapa, maana makosa mengi yaliyoko mbele yanatokana na kuruka hatua mojawapo. Python inaanza na kilichomo ndani ya mabano ya mwito, inakikokotoa mpaka ipate thamani kamili: 13. Thamani hiyo ndiyo agumenti. Kisha inafungua nafasi mpya kwa ajili ya mwito huu mmoja, na ndani yake inaandika jina `saa` likielekea kwenye 13. Hapo ndipo mwili wa funksheni unaanza kutembea: 13 toa 6 ni 7, `s` inakuwa 7, si sifuri kwa hiyo `if` inarukwa, na `return` inaitoa 7 nje. Nafasi inafungwa, na `saa` na `s` zinaondoka pamoja nayo. Skrini inaonyesha 7, na kweli ni saa saba ya mchana.

Tazama ambacho hakikuingia: jina `ndege`. Kilichovuka mlango ni 13 tu. Ndiyo maana unaweza kuandika `saa_ya_kiswahili(19)`, au `saa_ya_kiswahili(ndege + 2)`, na funksheni isijali, kwa sababu haina habari aliyeiita alikuwa akitumia jina gani. Wanaoanza wengi hudhani ni lazima kigeu cha nje (kigeu ni jina lililopewa thamani, kama `ndege`) kifanane jina na parameta. Si lazima. Wala kufanana hakuharibu kitu: ukiwa na `saa = 13` nje na ukaita `saa_ya_kiswahili(saa)`, hizo ni `saa` mbili, ya nje na ya ndani, na hakuna kamba inayoziunganisha.

Na `s`? Jaribu kuandika `print(s)` chini ya mwito ule:

```
NameError: name 's' is not defined
```

Hicho ni kigeu cha ndani. Kinazaliwa mwito unapokuwa unatembea, kinakufa mwito unapokwisha. Ukiita mara ya pili, kinazaliwa kingine kipya kisichokumbuka lolote la mwanzo. Parameta nayo ni kigeu cha ndani vilevile. Tofauti ni kwamba `saa` hupata thamani yake kwa anayeita, na `s` huipata kwenye mwili wa funksheni.

Neno dogo kuhusu ile alama ya `%`, inayotoa baki baada ya kugawa, kabla hatujaendelea. Usiku wa manane simu inaandika 0:00. Kwenye Python `(0 - 6) % 12` ni 6, na ni saa sita kweli. Ukiipeleka hesabu hiyohiyo kwenye lugha nyingine za programu kama JavaScript au C utapata -6. Huko andika `(saa + 6) % 12`, ambayo inatoa jibu sahihi kote.

Tuongeze parameta, kwa sababu penye parameta moja hakuna pa kukosea mpangilio. Boriti za mikoko huhesabiwa kwa korija, na korija ni boriti 20.

```
def bei_ya_boriti(korija, bei, usafiri=0):
    idadi = korija * 20
    return idadi * bei + usafiri
```

Tuseme boriti moja ni shilingi 250. `bei_ya_boriti(3, 250)` inatoa 15000. Agumenti ya kwanza imekwenda kwa parameta ya kwanza, ya pili kwa ya pili. `usafiri` haikupewa kitu, kwa hiyo imechukua 0 iliyoandikwa kwenye `def`. Ukiita `bei_ya_boriti(3, 250, 2000)` hiyo 0 inawekwa kando na jibu linakuwa 17000.

Ukipunguza au ukizidisha agumenti, Python inakataa papo hapo na kukutajia kilichokosekana:

```
TypeError: bei_ya_boriti() missing 1 required positional argument: 'bei'
```

Kosa la namna hii ni jepesi, linajieleza. Kosa baya ni lile lisilosema. Badilisha mpangilio: `bei_ya_boriti(250, 3)`. Jibu ni 15000, lilelile, kwa sababu kuzidisha hakuangalii nani katangulia. Mwanafunzi anaona jibu sahihi, anaendelea. Baadaye mwenye duka anataka punguzo la asilimia 10 kwa anayenunua korija 10 na kuendelea:

```
def bei_ya_boriti(korija, bei, usafiri=0):
    jumla = korija * 20 * bei
    if korija >= 10:
        jumla = jumla * 0.9
    return jumla + usafiri
```

Mwito ule uliogeuzwa sasa unatoa 13500.0. Mnunuzi wa korija tatu amepata punguzo la korija 250, na mtu ataanza kuutafuta ubovu kwenye `if` mpya ilhali `if` haina neno. Kosa lilikuwepo tangu siku ya kwanza, kwenye mwito. Kwa hiyo funksheni ikiwa na parameta mbili za namba zinazoweza kupishana, mimi nashauri utaje majina unapoita:

```
bei_ya_boriti(korija=3, bei=250)
bei_ya_boriti(bei=250, korija=3)
```

Yote mawili ni sawa, na hata anayesoma baada ya mwaka anajua 3 ni ya nini. Ukichanganya, zisizo na majina zitangulie. Ukiandika `bei_ya_boriti(korija=3, 250)` Python haitaendesha hata mstari mmoja wa faili. Na ukiandika `bei_ya_boriti(3, korija=250)` utaambiwa funksheni `got multiple values for argument 'korija'`: ile 3 ilikwishakaa kwenye `korija` kwa sababu ya nafasi yake, halafu unaipelekea 250 kwa jina.

Kuna jambo jingine linalowapotezea watu muda mwingi kuliko haya, nalo ni aina ya thamani inayoingia. Rudi kwenye funksheni ya kwanza ya boriti, ile isiyo na punguzo, uiite hivi:

```
k = input("Korija ngapi? ")
print(bei_ya_boriti(k, 250))
```

Mtumiaji anaandika 3. Lakini `input` siku zote hutoa maandishi, kwa hiyo agumenti ni `"3"`, herufi, si namba. Mstari wa `idadi = korija * 20` unapita salama kabisa! Kwa Python, maandishi mara 20 ni kuyarudia mara 20, kwa hiyo `idadi` sasa ni mfululizo wa tatu ishirini. Ukizidisha na 250 unapata tatu 5000 zilizoshikana. Ni kwenye kujumlisha `usafiri` ndipo mambo yanapokwama:

```
TypeError: can only concatenate str (not "int") to str
```

Ripoti ya kosa itaonyesha mstari wa `return` kuwa ndio ulioanguka, na mwanafunzi atakaa hapo akiutazama mstari usio na ubaya wowote. Ripoti ya Python husomwa kuanzia chini. Mstari wa mwisho ni aina ya kosa. Juu yake ni mahali lilipoangukia. Panda tena juu utaona mwito ulioleta agumenti. Ukiona mahali lilipoangukia pako sawa, panda. Dawa iko kule kwenye mwito: `k = int(input("Korija ngapi? "))`. Nami napendelea kugeuza aina mapema, pale thamani inapotoka kwa mtumiaji, ili funksheni zote za chini zipokee namba tupu.

Sasa twende kwenye vigeu vya ndani kwa undani, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mtu anataka kujumlisha mauzo:

```
jumla = 0

def ongeza(kiasi):
    jumla = jumla + kiasi

ongeza(500)
```

Macho yanasema itakubali. Python kuanzia toleo la 3.11 inajibu:

```
UnboundLocalError: cannot access local variable 'jumla' where it is not associated with a value
```

Matoleo ya zamani huandika `local variable 'jumla' referenced before assignment`. Maana ni moja. Kabla ya kuendesha mwili wa funksheni, Python huupitia wote kutafuta majina yanayopewa thamani ndani yake kwa alama ya `=`. Jina lolote litakaloonekana hivyo linahesabiwa la ndani kwa mwili mzima, tangu mstari wa kwanza. `jumla` imepewa thamani ndani, basi ni ya ndani. Halafu upande wa kulia wa `=` ndio unaokokotolewa kwanza, na unaiomba `jumla` ya ndani ambayo bado haina kitu. Ile ya nje yenye 0 haitazamwi kabisa.

Ungekuwa unaisoma tu bila kuipa thamani mpya, kwa mfano `print(jumla)`, Python ingekwenda nje kuitafuta na ingeipata. Kusoma cha nje kunaruhusiwa. Kuandika kunaunda kipya ndani.

Watu wengi mtandaoni watakwambia uongeze `global jumla`, yaani itumiwe ile ya nje, mwanzoni mwa mwili. Itatembea. Mimi simfundishi hivyo anayeanza, kwa sababu funksheni ya namna hiyo haiwezi kujaribiwa peke yake: lazima uangalie faili nzima ujue `jumla` ilikuwa ngapi kabla haijaitwa na nani mwingine anaigusa. Njia safi ni kuipitisha mlangoni na kuipokea inapotoka:

```
def ongeza(jumla, kiasi):
    return jumla + kiasi

jumla = 0
jumla = ongeza(jumla, 500)
jumla = ongeza(jumla, 350)
```

Mwisho `jumla` ni 850. Ukisahau `jumla =` ya kushoto, ukaandika `ongeza(jumla, 500)` peke yake, hesabu inafanyika, jibu linatolewa, na hakuna wa kulipokea. Hakuna kosa litakaloonekana, `jumla` inabaki ilivyokuwa. Ukisahau `return` ndani, funksheni inarudisha `None`, na mwito wa pili unalalamika kuhusu `'NoneType' and 'int'`. Ukiona neno `NoneType` kwenye ripoti, jambo la kwanza la kukagua ni kama kuna funksheni iliyochapisha jibu kwa `print` badala ya kulirudisha. `print` inamwonyesha binadamu; `return` inaipa programu.

Sura nyingine ya kosa hilohilo la kigeu kisicho na thamani:

```
def kipindi(saa):
    if saa < 12:
        neno = "asubuhi"
    elif saa < 19:
        neno = "mchana"
    return neno
```

`kipindi(9)` na `kipindi(15)` ziko sawa. `kipindi(21)` inaanguka kwenye `return`, kwa sababu hakuna tawi lililoipa `neno` kitu. Wengi hujaribu mchana, wakapeleka programu, ikaanguka usiku. Weka `else`, au anza na `neno = "usiku"` juu ya `if`. Kusogeza mistari kulia chini ya `if` au `for` hakufungui nafasi mpya ya vigeu kwenye Python. Ni `def` inayofungua. Kwa hiyo kigeu kilichozaliwa ndani ya `for` bado kipo baada ya `for` kwisha, alimradi funksheni ni ileile.

Na kuna kinyume chake, ambacho kinatisha zaidi kwa kuwa hakitoi kosa:

```
bei = 250

def gharama(k, b):
    return k * 20 * bei
```

Mwandishi alibadilisha parameta ikaitwa `b`, akasahau kubadilisha mwilini. Python haikuipata `bei` ndani, ikaenda nje, ikaikuta. `gharama(3, 400)` inatoa 15000 badala ya 24000. Agumenti ya 400 imeingia, imekaa kwenye `b`, haikutumiwa na yeyote. Kipimo changu cha haraka: funika kwa kiganja kila kilicho nje ya funksheni, usome mwili peke yake. Kila jina lililomo lazima uweze kulinyooshea kidole kwenye mabano ya `def` au kwenye mstari ulio juu yake. Lisiloonyesheka linatoka nje, na ujiulize kama ulikusudia.

Orodha zinahitaji uangalifu wa pekee. Kwenye Python jina ni kibandiko tu kilichobandikwa kwenye kitu, na kupitisha agumenti ni kubandika kibandiko cha pili, cha ndani, kwenye kitu kilekile. Ukiandika `=` ndani unakibandua kibandiko cha ndani na kukipeleka kwenye kitu kingine; cha nje hakisikii. Lakini ukikibadilisha kitu chenyewe, wote wawili wataona.

```
def safisha(orodha):
    orodha = []

def ingiza(orodha, jina):
    orodha.append(jina)

samaki = ["changu", "tafi"]
ingiza(samaki, "nguru")
safisha(samaki)
print(samaki)
```

Inachapisha `['changu', 'tafi', 'nguru']`. `ingiza` iliigusa orodha yenyewe kwa `append`, ikabadilika kweli. `safisha` ilihamisha kibandiko chake tu. Ukitaka iwe tupu kweli, ndani andika `orodha.clear()`. Namba na maandishi hayana njia ya kubadilishwa yenyewe, ndiyo maana tatizo hili hulioni kwa 13 wala kwa "changu".

Kutoka hapo utaelewa kwa nini hii ni mtego:

```
def weka(samaki, ndoo=[]):
    ndoo.append(samaki)
    return ndoo

print(weka("changu"))
print(weka("tafi"))
```

Mstari wa pili unachapisha `['changu', 'tafi']`, ilhali ulitarajia ndoo mpya yenye tafi peke yake. Thamani ya akiba ya parameta (ile iliyoandikwa kwenye `def`) hutengenezwa mara moja tu, Python inaposoma `def`, na orodha ile moja hutumiwa kwa kila mwito usioleta ndoo yake. Andika `ndoo=None`, na mstari wa kwanza wa mwili uwe `if ndoo is None: ndoo = []`. Hapo kila mwito unapata orodha yake.

Kuyaona haya kwa macho, Thonny ni nzuri sana. Badala ya kuendesha kwa F5, bonyeza Ctrl+F5, kisha F7 ili uingie ndani hatua kwa hatua. Kila mwito wa funksheni unafunguliwa dirisha lake lenye vigeu vyake vya ndani, na `return` ikifika dirisha linafungwa mbele yako. Ukiwa na simu tu, chukua karatasi: kila mwito mchoree kisanduku, juu yake uandike jina la funksheni, ndani uandike parameta na thamani zake kabla ya kitu kingine chochote, na ukifika `return` kikate kisanduku chote kwa kalamu. Usikifute, kikate, ili uone kilichokuwemo.

Jaribu njia hiyo kwenye hii, uandike majibu manne kabla ya kuiendesha:

```
bei = 300

def pandisha(bei, kiasi=50):
    bei = bei + kiasi
    return bei

pandisha(bei)
print(bei)
bei = pandisha(bei, 20)
print(bei)
print(pandisha(kiasi=5, bei=100))
print(bei)
```

Ni 300, 320, 105, 320. Ukipata 350 kwenye la kwanza, rudi kwenye mwito wa `pandisha(bei)` uangalie nani aliipokea thamani iliyorudi. Ukipata 105 kwenye la mwisho, kisanduku cha mwito wa tatu hukukikata.